Daktari wa familia, daktari wa watoto au kliniki ya karibu: nani awe mlango wenu wa kwanza?

Wengi wetu hatumchagui daktari, tunamkuta tu. Mtoto anachemka saa nne usiku, mnamfunga kwenye shuka, mnaingia mlango wa kwanza wenye taa. Mwaka unapita, bado mnakwenda pale pale, na ukiulizwa sababu huna zaidi ya kwamba mmeshapazoea. Makala hii ni ya yule anayetaka kuchagua akiwa ametulia, kabla usiku huo haujafika. Hasa ni ya mwenye nyumba yenye watu wa rika zote: kichanga, kijana wa sekondari, mama mwenye presha, babu mwenye mfuko wa vidonge.

Njia ninazolinganisha ni nne. Ya kwanza ni daktari wa familia anayewatibu wote. Ya pili ni kugawana: watoto kwa daktari wa watoto, wakubwa kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Ya tatu ni kliniki ya kuingia bila miadi, ambako utakayemkuta zamu ndiye atakayekutibu. Ya nne ni daktari wa kwenye simu. Niseme mapema ninakoegemea, ili usome ukinijua: mimi huuliza kwanza nani atatukumbuka, ndipo niulize nani bingwa. Kuna mahali mpangilio huo unageuka, na nitapaonyesha.

Tunapima nini

Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978, lililopitishwa katika mji ambao leo unaitwa Almaty, Kazakhstan, liliieleza huduma ya msingi kuwa ngazi ya kwanza ambapo mtu, familia na jamii hukutana na mfumo wa afya, karibu kadiri iwezekanavyo na wanapoishi na kufanya kazi. Baadaye Barbara Starfield, daktari wa watoto aliyefundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins hadi alipofariki mwaka 2011, aliichambua huduma hiyo katika mambo manne unayoweza kuyapima: kuwa mlango wa kwanza, kumfuatilia mtu yule yule kwa miaka, upana wa yanayotibika pale pale, na kuratibu yale yanayopelekwa kwingine.

Ukisikiliza watu wanavyosifu madaktari wao, utaona sifa karibu zote ni za upana au ubingwa. "Yule anajua." Ni mara chache kusikia mtu akisema "yule alinipigia kuuliza majibu yalisemaje." Hapo ndipo wengi tunapokosea kuchagua.

Ushahidi wa kufuatiliwa na daktari mmoja si wa kubahatisha. Norwei ina mpango, ulioanza mwaka 2001, unaompa kila mkazi haki ya kuandikishwa kwa daktari wake. Watafiti walipochambua kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4 wa nchi hiyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, waliona kwamba waliokuwa na daktari yule yule kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa kati ya asilimia 25 na 30, wa kutafuta huduma nje ya saa za kazi, kulazwa ghafla, au kufariki, ukiwalinganisha na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja au chini ya hapo. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba daktari ndiye aliyeleta tofauti yote. Hata hivyo, faida ilikuwa ikiongezeka kadiri miaka ya kufahamiana ilivyoongezeka, na mimi hilo linanitosha kuanza nalo.

Daktari wa familia

Nguvu yake iko kwenye kuiona nyumba nzima kwa mpigo. Chukua upele unaowasha usiku. Daktari anayemwona mtoto peke yake atampa mtoto dawa, upele utapungua, na baada ya wiki chache utarudi, kwa kuwa wadudu wake wako kwa dada anayelala naye kitanda kimoja. Tiba sahihi ni kuwapaka wote wa nyumba siku moja, hata wasiojikuna bado, na kufua nguo na mashuka. Daktari wa familia hahitaji kushawishiwa kuhusu hilo. Majina yenu wote anayo.

Au chukua kichanga wa wiki sita ambaye mama yake analalamika kwamba hanyonyi vizuri. Kwenye chumba cha daktari wa watoto, mgonjwa ni mtoto: atapimwa, ataangaliwa mdomo, utosi, tumbo. Vizuri. Daktari wa familia mzuri atafanya hayo, kisha atamgeukia mama: unalala saa ngapi? unalia bila sababu? Sonona baada ya kujifungua mara nyingi huja ikiwa imevaa nguo za tatizo la mtoto, na daktari ambaye mama pia ni mgonjwa wake ana sababu ya kuuliza, na ana faili la kuandika jibu. Sisemi madaktari wa watoto hawaulizi. Wapo wengi wanaouliza. Lakini wakishasikia jibu, inabidi wampeleke mama kwa mwingine.

Kadhalika kikohozi cha mtoto na sigara ya baba. Kadhalika presha ya mama na ya bibi. Historia ya ukoo, ambayo kwingine unaisimulia upya kila mara na kusahau nusu yake, hapa imekaa kwenye kabati moja.

Udhaifu wake ni wa kweli, na usiufumbie macho. "Daktari wa familia" ni jina linaloweza kumaanisha mtu aliyesomea fani hiyo kwa miaka baada ya udaktari wa kawaida, au daktari yeyote aliyeandika maneno hayo mlangoni. Hata aliyesomea anaweza kuwa amejikuta mahali ambapo wagonjwa wake karibu wote ni wazee, na kichanga anamwona mara moja kwa mwezi. Muulize waziwazi: kwa wiki unaona watoto wa chini ya mwaka mmoja wangapi? Swali hilo halina matusi ndani yake. Anayelijibu kwa namba umeshampata. Anayelijibu kwa kucheka, sina hakika.

Kuna na jambo la vijana. Binti wa miaka 16 hatamwambia daktari kitu ambacho anadhani kitafika mezani nyumbani jioni. Daktari anayewatibu wazazi wake, hata awe na kifua cha namna gani, ana kazi ya ziada ya kumwaminisha. Wazuri humtoa mzazi nje kwa dakika chache kila ziara, na kuifanya kuwa desturi ya kila kijana, ili asionekane kuwa na la kuficha. Ukiona daktari wa familia asiyefanya hivyo kabisa, kijana wako anaweza kufaidika zaidi na mwingine.

Daktari wa watoto, na wake wa wakubwa

Hapa ndipo kanuni yangu inapogeuka. Kwa mtoto mchanga, na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, ubingwa unaweza kupita kumbukumbu.

Mwili wa mtoto una namba zake. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa mtoto mwenye kikohozi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa anapumua kwa kasi akifika 60 kwa dakika ikiwa hajatimiza miezi miwili, 50 kuanzia miezi miwili hadi mwaka, na 40 kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Sasa tazama namba hizo zinavyotumika. Daktari aliyezoea watoto haanzi na chombo cha kusikilizia. Anangoja mtoto atulie mikononi mwa mama, anapandisha fulana hadi kifuani, anatazama saa, na anahesabu dakika nzima tumbo likipanda na kushuka. Haongei na wewe. Anaangalia kama ngozi chini ya mbavu inabonyea kila anapovuta hewa. Ukiona mtu anahesabu sekunde 10 mtoto akilia, kisha anaandika namba, hiyo namba haina thamani.

Dawa nazo. Parasetamoli ya mtoto huhesabiwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa dozi moja, kwa hiyo mwenye kilo 8 anahitaji miligramu 80 hadi 120, na mwenye kilo 16 mara mbili yake. Ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti: kuna chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine yenye 250 katika mililita hizo hizo. Kijiko ni kile kile, rangi inaweza kuwa ile ile. Mama aliyeambiwa "mpe kijiko kimoja", akibadilisha chupa, anampa mtoto wa kilo 8 zaidi ya maradufu ya anachostahili bila kujua. Daktari wa watoto mwenye mazoea mazuri hamwambii mzazi vijiko. Anamwandikia miligramu na mililita, anauliza ni chupa ipi iliyoko nyumbani, na anampa bomba la kupimia. Na aspirini kwa mtoto mwenye homa hataigusa, kwa ajili ya ugonjwa wa Reye, ambao ni wa nadra lakini huharibu ini na ubongo.

Kuna pia mchoro wa ukuaji. Wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 ulitokana na watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Kwenye mchoro huo nukta moja haisemi mengi. Kinachosema ni mstari. Mtoto mwembamba anayepanda sambamba na mstari wake tangu kuzaliwa yuko salama kuliko mnene aliyeshuka mistari miwili ndani ya miezi mitatu. Vichanga wengi hupungua uzito siku za kwanza na kuurudisha ndani ya wiki mbili hivi, huufikisha maradufu wakiwa na miezi minne hadi sita, na mara tatu wakikaribia mwaka. Anayeziona namba hizi kutwa nzima hushtuka mapema.

Upande wa wakubwa, daktari wa magonjwa ya ndani hung'aa pale maradhi yanapokuwa mengi katika mwili mmoja: kisukari, presha, figo zinazoanza kuchoka, moyo. Dawa ya hiki huharibu kile. Daktari wa namna hii humwambia babu aje na mfuko wote, aumwage mezani, kisha anaanza kutenga: hii na hii ni dawa moja yenye majina mawili, hii ulipewa kwa wiki mbili mwaka juzi, kwa nini bado unameza? Saa nzima ya kazi hiyo inaweza kumfaa mzee kuliko dawa mpya yoyote.

Presha ni mtihani mzuri wa kumpima daktari yeyote wa watu wazima. Mpaka unaotumika kwa upana kupima kliniki ni 140 juu au 90 chini, lakini namba hiyo inategemea ilivyopatikana. Ukae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umelala usawa wa moyo, mkanda umefungwa kwenye mkono mtupu na si juu ya sweta, na hamzungumzi. Kisha irudiwe, na siku nyingine tena, kabla hujaitwa mwenye presha. Aliyekufunga mkanda ukiwa umetoka kupanda ngazi na kukuandikia dawa ya maisha kwa kipimo kimoja cha 146 amekuharakisha.

Ubaya wa kugawana ni wa kimaisha zaidi kuliko wa kitabibu. Foleni mbili, mafaili mawili, siku mbili za ruhusa kazini. Na kuna shimo katikati: siku mtoto anapovuka umri wa kuhudumiwa na daktari wa watoto, mara nyingi karibu na miaka 18. Kijana mzima halioni shimo hilo. Mwenye selimundu, pumu kali, kifafa au kisukari cha utotoni huliona vizuri sana: daktari aliyemjua tangu yuko mgongoni anamuaga, na mpya anamwona kama jina kwenye orodha. Kama unachagua njia hii kwa mtoto wa namna hiyo, uliza akiwa na miaka 13 au 14 atakabidhiwa kwa nani, na kwa njia gani. Mpango mzuri wa makabidhiano huanza mapema hivyo, na unakuwa na angalau ziara moja ambapo madaktari wote wawili wanazungumza.

Kliniki ya kuingia bila miadi

Niliipenda sana, miaka ya nyuma. Ni karibu, inafungua mapema, inafunga usiku, huombwi miadi. Kwa kidole kilichokatwa na kisu, kwa sikio lililoanza kuuma Jumamosi, kwa mkojo unaochoma, sina neno nayo.

Iliponishinda ni kwenye kikohozi cha mwanangu. Alikuwa na miaka minne, anakohoa usiku tu, mchana anacheza. Tulikwenda mara tatu ndani ya miezi miwili. Madaktari watatu, wote wapole, wote walisikiliza kifua mchana kikiwa kisafi, na wote walitupa dawa ya maji. Ziara ya tatu tulitoka na antibayotiki ya pili. Wa nne hakuwa wa kliniki ile. Alifungua karatasi, akaniambia: nianzie mwanzo, kilianza lini, anakohoa saa ngapi, akikimbia inakuwaje, nyumbani nani ana pumu au mzio. Nilipotaja mama yangu, akaweka kalamu chini. Ilikuwa pumu, na dawa ya kuvuta ikaumaliza ule usiku wa kukohoa ndani ya wiki chache. Wale watatu hawakuwa wajinga. Kila mmoja aliona picha moja ya sinema, na sinema nzima ilikuwa kichwani mwangu, ambaye sikujua nieleze nini.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani haraka. Daktari asiyekujua hana njia ya kukuambia "tusubiri." Chukua sikio la mtoto wa zaidi ya miaka miwili, linalouma kidogo, homa ya chini. Miongozo mingi inaruhusu kutoa dawa ya maumivu tu na kumtazama siku mbili hadi tatu, kwa sababu mengi ya masikio haya hupona bila antibayotiki. Lakini kusubiri kunahitaji mtu wa kumrudia. Daktari wako atasema nipigie keshokutwa asubuhi. Wa zamu, anayejua keshokutwa hayupo, atakuandikia dawa leo ili alale usingizi. Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo itumie, ila usiifanye nyumba. Na kila ukitoka, toka na karatasi: walichokuta, walichopima, dawa waliyokupa na dozi yake. Ipeleke kwa daktari wako.

Daktari wa kwenye simu

Hapa nitakuwa mfupi. Simu inafaa pale ambapo mambo mengi yako kwenye maneno: kusomewa majibu ya maabara, kuongezewa dawa ya presha uliyoitumia miaka mitatu, kuzungumzia usingizi au wasiwasi, kuuliza kama safari ya kliniki ni ya lazima. Inafaa maradufu ikiwa aliye upande wa pili ni daktari wako mwenyewe. Haifai pale mkono unapohitajika: tumbo linalouma, sikio, kifua. Video husaidia kidogo kwa mtoto anayekohoa, kwa kuwa unaweza kumvua fulana, ukaelekeza kamera tumboni, na daktari akahesabu pumzi. Kwa kichanga wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, usipoteze dakika kutafuta mtandao.

Na kaunta ya dawa? Kwa wengi ndiyo mlango wa kwanza halisi, hata kama haimo kwenye orodha yoyote rasmi. Mfamasia aliyesomea ni hazina kwa maswali ya dawa: hii inagongana na ile, hii inywe na chakula. Kuumba utambuzi wa ugonjwa kupitia dirishani ndiko kusikomfaa yeye wala wewe.

Kwa kuziweka pamoja:

| | Daktari wa familia | Watoto na wakubwa mbalimbali | Kliniki bila miadi | Simu |
|---|---|---|---|---|
| Anayekukumbuka | Ndiyo, na nyumba yako | Ndiyo, kila mmoja na wake | Mara chache | Akiwa ni wako tu |
| Kichanga | Inategemea uzoefu | Bora zaidi | Kwa dharura ndogo | Hapana |
| Mzee mwenye dawa nyingi | Vizuri | Vizuri sana | Vibaya | Kwa ufuatiliaji |
| Homa ya Jumapili usiku | Uliza mapema | Uliza mapema | Ipo | Kwa ushauri |

Usiyemtarajia: muuguzi na tabibu

Popote utakapochagua, uwezekano ni mkubwa kwamba ziara nyingi hutaonana na daktari kabisa. Wapo wanaokasirika. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti za wauguzi waliofanya kazi za madaktari katika huduma ya msingi, yaliona matokeo kwa wagonjwa kuwa yanalingana au hata bora kidogo. Kwa chanjo, kufuatilia kisukari, kupima presha na kumfunza mzazi kutumia dawa ya kuvuta, mimi humchagua muuguzi kwa kupenda. Ana muda. Cha kuuliza ni kama daktari yuko karibu pale anapohitaji kuulizwa.

Kwa hali yako

Mmepata mtoto wa kwanza na hamna ugonjwa mwingine ndani ya nyumba: daktari wa watoto kwa mwaka ule wa kwanza au miwili, kisha mkae mfikirie upya. Ziara za wakati huo ni nyingi, za chanjo na za uzito, na wasiwasi wa mzazi nao unataka mtu aliyeona vichanga elfu.

Watoto wamevuka miaka mitatu, wazazi mna miaka arobaini na kitu, bibi anaishi nanyi: hapo daktari wa familia mzuri huwapita wote. Yeye ndiye atakayekumbuka kwamba mama anastahili uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza uanze akiwa na miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU, na kwamba binti aliye kati ya miaka 9 na 14 yuko kwenye umri wa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo. Ni ugonjwa ule ule, vizazi viwili, ziara moja.

Mtoto ana ugonjwa wa kudumu: daktari wa watoto kwa ugonjwa, na bado muwe na wa familia kwa mengine. Muwaombe waandikiane. Wasipoandikiana, wewe ndiwe utakayebeba daftari, na ulibebe kweli.

Unahama hama kwa kazi: kliniki na simu havikwepeki. Basi kumbukumbu iwe mkononi mwako. Karatasi moja yenye magonjwa, dawa na dozi, mzio, chanjo na operesheni, ipigwe picha.

Usiku ambao hulinganishi chochote

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke vizuri, au anayepumua huku kifua kikibonyea ndani: hospitali, moja kwa moja. Kichanga wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 au zaidi, vivyo hivyo, hata kama anaonekana mchangamfu. Mtu mzima mwenye kifua kinachobana, uso uliopinda upande mmoja, mkono uliolegea ghafla au maneno yanayokwama, vivyo hivyo. Usimpigie kwanza daktari wako umpendaye. Atakuambia hivyo hivyo, na mtakuwa mmepoteza muda.

Kumjaribu kabla ya kuhamia

Piga simu mapokezi, usiende. Uliza: nikipiga leo asubuhi mtoto akiwa na homa, naonwa lini? Jumapili usiku simu inapokelewa na nani? Nikija mara tano kwa mwaka, nitaonana na mtu yule yule mara ngapi? Swali la mwisho huwapa wahudumu kigugumizi, na kigugumizi chenyewe ni jibu.

Kisha nenda mara moja kwa jambo dogo, chanjo au kipimo cha presha. Angalia kama mtoto anapimwa uzito akiwa amevuliwa, au na viatu na koti. Angalia kama anayekugusa ananawa kabla ya kukugusa. Angalia kama daktari anaandika ukiwa bado unaongea au anakutazama kwanza. Ziara ya pili ndiyo yenye uzito zaidi: sikiliza kama inaanza na "karibuni, shida nini leo?" au "yule mdogo, kile kikohozi kiliisha?"

Ukiamua kuhama, usiondoke mikono mitupu. Omba nakala ya faili, kadi ya chanjo, na majibu ya vipimo vya miaka miwili iliyopita. Ni taarifa zako, na huna haja ya kueleza unakokwenda. Mpelekee daktari mpya siku ya kwanza, umkabidhi mkononi, kisha unyamaze kidogo umwangalie. Anayefungua na kusoma hata ukurasa mmoja mbele yako, rudi kwake mwezi ujao.